Urusi, Ethiopia, Zanzibar au Ufaransa: Kikundi Chenu Kisome Mapinduzi Gani?

Tangu maandamano ya Juni 2024, neno mapinduzi halikauki vinywani hapa Kisumu. Utalisikia kwenye steji ya Kondele, utalisikia Dunga samaki wakipimwa, utalisikia kwenye matatu ya Maseno saa za jioni. Vijana wameunda vikundi vya kusoma na kujadili, vingine vya kanisani, vingine vya chuo, vingine vya jamaa wa boda wanaongoja abiria. Wanaoviongoza huniuliza swali linalofanana: tunataka kuelewa inakuwaje watu walioahidi usawa wakaishia kuwa watawala wa kiimla. Muda wetu ni Jumamosi chache. Tuanze na nchi gani?

Nimeongoza mijadala ya namna hii ukumbini kwetu Manyatta, na nchi nne ndizo naona zinabeba mzigo: Urusi ya 1917, Ethiopia ya 1974, Zanzibar ya 1964 na Ufaransa ya 1789. Cambodia nimeiacha kwa makusudi. Wapiganaji wa Pol Pot waliingia Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, na siku hiyo hiyo wakaanza kuwatoa wakazi wote wa mji, wagonjwa wa hospitalini wakiwemo. Pale uimla ulifika asubuhi ya kwanza. Ni mkasa wa kutisha, lakini haumwonyeshi mtu jinsi kitu kizuri kinavyooza polepole.

Kenya nayo haimo kwenye orodha, ingawa itajiingiza yenyewe. Niamini.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza nakiita zawadi. Mapinduzi yanayoharibika hayaanzi kwa uongo mtupu. Kuna mtu alipata shamba kweli, kuna mama alipunguziwa kodi ya nyumba kweli, kuna mtoto aliingia darasani ambamo baba yake hakuwahi kuruhusiwa kukanyaga. Kikundi kisipoiona zawadi hiyo, kitadhani watu wa wakati ule walikuwa wajinga, na mjadala utakuwa umekufa.

Cha pili ni kufuli. Hapa namaanisha ile hatua ambayo watoa zawadi waliziondoa njia za wao wenyewe kuondolewa: uchaguzi, gazeti huru, mahakama yenye wakili, chama kingine, haki ya kugoma. Karibu kila mara wananchi huambiwa kwamba ni ya muda tu, hali ikitulia mambo yatarudi. Nikishika tarehe mbili hizi, ya zawadi na ya kufuli, naona zinakaribiana mno. Hilo ndilo jambo ninalotaka vikundi vilione kwa macho yao, maana wengi huja wakiamini kwamba watawala waliwahadaa watu kwanza, kisha baadaye sana wakageuka. Tarehe zinasema vingine.

Cha tatu ni nani aliliwa kwanza miongoni mwa wanamapinduzi wenyewe. Cha nne ni vyanzo: je, kuna vya kusoma kwa lugha tunayoielewa, na kuna watu walio hai wanaokumbuka? Mwisho nasema nchi hiyo inamfaa nani na inamsumbua nani.

URUSI

Hapa mjini ukitaja Russia, wazee watafikiri unaenda hospitali. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ya karibu na Kondele, ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na jina la Russia halijaitoka. Siku ilipofunguliwa rasmi, 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Kwa hiyo usishangae mjadala wa Urusi ukigeuka kuwa wa Kisumu kabla chai haijapoa. Uache ugeuke kidogo, kisha uurudishe.

Zawadi. Mwaka 1917 wanawake wa Petrograd waliochoshwa na foleni za mkate waliungana na wafanyakazi wa viwandani, askari wakakataa kuwapiga risasi, na katika muda wa wiki moja hivi Mfalme Nicholas II akang'atuka. Mabaraza ya wafanyakazi na askari, yaani sovieti, yakachipuka kila mahali, na mjumbe aliyewaudhi waliomtuma angeweza kurudishwa nyumbani wakati wowote. Mwezi Oktoba, kwa kalenda yao ya zamani, Wabolsheviki wakiongozwa na Lenin walitwaa madaraka. Amri ya ardhi ilitolewa usiku uliofuata: mashamba ya makabaila yachukuliwe bila fidia, yagawiwe wanaolima. Kwa mkulima aliyekuwa akilima kwa hisani ya bwana shamba, hiyo haikuwa siasa. Ilikuwa chakula.

Kufuli. Ilipita siku moja tu ikatoka amri ya magazeti, iliyoruhusu kufungwa kwa magazeti yanayopinga serikali mpya. Amri yenyewe ilisema ni ya muda na itaondolewa hali ikirejea kawaida. Desemba ikaundwa Cheka, polisi ya siri. Uchaguzi wa Bunge la Katiba ulifanyika Novemba, Wabolsheviki wakapata karibu robo ya kura huku chama cha SR, kilichopendwa na wakulima, kikiongoza. Bunge hilo lilikutana Januari 1918, likakaa siku moja, milango ikafungwa.

Sehemu ambayo mimi huitumia Jumamosi nzima ni Kronstadt. Wanamaji wa ngome hiyo ya karibu na Petrograd ndio waliokuwa fahari ya mapinduzi mwaka 1917. Mwishoni mwa Februari 1921 walikaa mkutano wakaandika madai kumi na matano. La kwanza: sovieti zichaguliwe upya kwa kura ya siri, kwa kuwa zilizopo haziwakilishi matakwa ya wafanyakazi na wakulima. Jingine: posho ya chakula iwe sawa kwa wafanyakazi wote, isipokuwa walio kwenye kazi za kuhatarisha afya. Soma madai hayo kwa sauti bila kusema yametoka wapi, uwaulize vijana ni ya kupinga mapinduzi au ya kuyatetea. Kisha waambie kwamba Machi ile jeshi lilivuka juu ya barafu likawaponda. Mwezi huo huo mkutano wa kumi wa chama ulimpunguzia mkulima mzigo, asinyang'anywe tena nafaka bali alipe kodi, na mkutano huo huo ukapiga marufuku makundi yenye msimamo tofauti ndani ya chama. Zawadi na kufuli, kikao kimoja.

Aprili 1922 Stalin akawa katibu mkuu, cheo ambacho wenzake walikiona cha makaratasi. Kazi yake ilikuwa kupanga nani apelekwe wapi. Aliyeshika orodha ya vyeo akaishika nchi.

Walioliwa. Wenzake Lenin wenyewe. Zinoviev na Kamenev walipigwa risasi 1936, Bukharin 1938, Trotsky akauawa uhamishoni Mexico mwaka 1940. Katiba ya 1936 iliahidi uhuru wa kusema na kura ya siri. Katika miaka miwili iliyofuata, 1937 na 1938, watu karibu 680,000 waliuawa kwa hukumu za dola. Kabla ya hapo, njaa ya 1932 na 1933 iliyofuata kunyang'anywa nafaka na kulazimishwa mashamba ya pamoja iliua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. Wakati huo maafisa wa chama walikuwa na maduka yao ya pekee, yasiyoingilika na raia.

Vyanzo. Ni vingi kupita kiasi, ila karibu vyote ni vya lugha za kigeni. Ukibahatika kupata vijitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow enzi zile, visome kama mfano wa propaganda, kwa sababu ni sifa mwanzo hadi mwisho. Shahidi wa kumhoji hapa hutampata, labda mzee aliyesomea huko miaka ya sitini, naye atakusimulia zaidi baridi na kabeji.

Inamfaa nani. Kikundi chenye subira na kinachopenda taratibu: wanafunzi wa sheria, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watu ambao hawasinzii wakisomewa kumbukumbu za mkutano. Urusi inaonyesha hatua baada ya hatua kuliko nchi nyingine yoyote. Inawasumbua wanaotaka hadithi ya mtu mmoja mbaya, maana makufuli mengi yalishafungwa kabla Stalin hajashika usukani.

ETHIOPIA

Hii ndiyo jirani yetu, tunapakana nayo pale Moyale, na bado vijana wengi ninaokutana nao wanajua habari za Stalin kuliko za Mengistu, mwanajeshi aliyeitawala baada ya mfalme. Mimi hukaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, na sijifichi kwamba naipenda kama somo.

Zawadi. Njaa ilipoua watu Wollo mwaka 1973, kasri ya Haile Selassie ilikuwa bado na karamu. Januari 1974 askari wa Negele waliasi kwa sababu ya chakula kibovu na maji. Februari madereva wa teksi wa Addis Ababa wakagoma bei ya petroli ilipopanda, na walimu nao wakagoma. Hapakuwa na chama kilichopanga yote hayo. Mwezi Juni wanajeshi wa vyeo vya chini na vya kati, zaidi ya mia moja, waliunda kamati, ndiyo Derg. Tarehe 12 Septemba mfalme aliondolewa, akapakiwa kwenye gari dogo aina ya Volkswagen. Tarehe 4 Machi 1975 ardhi yote ya mashambani ikatangazwa kuwa ya umma, hakuna familia kupewa zaidi ya hekta 10, na mpangaji wa shamba akaacha kumpelekea kabaila sehemu ya mavuno. Wanafunzi walikuwa wakiimba “ardhi kwa mkulima” tangu 1965. Siku hiyo walijaa barabarani kushangilia, na ukiwa na moyo wa haki utawaelewa.

Kufuli. Hapa mpangilio ni tofauti na Urusi: kufuli lilitangulia. Tangazo lile lile la Septemba lililomwondoa mfalme lilisimamisha katiba, likavunja bunge na kukataza migomo na maandamano, yaani njia ile ile iliyowaleta madarakani. Serikali ikajiita ya muda. Tarehe 23 Novemba 1974 maafisa wapatao 60 wa utawala wa zamani waliuawa bila kesi, ilhali kaulimbiu ilikuwa ni mabadiliko bila damu. Wengi hawakulia sana. Waliokufa walikuwa wakubwa.

Na sasa kebele. Julai 1975 ardhi ya mijini na nyumba za ziada za kupangisha zilitaifishwa, kodi za vyumba vya watu wa hali ya chini zikapunguzwa, na kila mtaa ukaundiwa chama cha wakazi, ndiyo kebele. Kebele ilikusanya kodi hizo ndogo, ilisuluhisha ugomvi wa majirani, baadaye ikasimamia duka la bidhaa za mgao. Mpaka hapo ni jambo ambalo mkazi yeyote wa Nyalenda angelitamani. Ila chombo hicho hicho kilikuwa na orodha ya kila nyumba na kila anayelala ndani yake. Mwaka 1977 kebele zilipewa bunduki. Upekuzi wa nyumba kwa nyumba ukaanza, na kijana aliyekutwa na taipureta au karatasi za EPRP, chama cha mrengo wa kushoto kilichoipinga Derg, hakuwa na pa kujitetea.

Kijana mmoja wa boda aliuliza kikundini: “Na hao wa kebele walikuwa wakilipwa na nani?” Ni swali zuri kuliko mengi ya wasomi. Anayeamua nani apate nyumba na nani apate sukari ya mgao hahitaji mshahara mnono ili awe mtiifu kwa walio juu yake, wala majirani hawahitaji kutishwa sana ili wamtii yeye. Mjadala ukifika hapo, lazima nyumba kumi yetu itatajwa. Uwe muungwana: nyumba kumi si kebele, haina bunduki wala duka la mgao. Swali la haki ni nani anashika orodha, na nani anaweza kumwondoa anayeishika.

Walioliwa. Wale wale walioimba “ardhi kwa mkulima”. Serikali ilikuwa imewatuma wanafunzi na walimu wapatao 60,000 vijijini kufundisha na kueneza mageuzi. Wengi walirudi wakidai serikali ya kiraia. Februari 1977 Mengistu Haile Mariam aliwamaliza wenzake ndani ya Derg, akiwemo mwenyekiti wake Teferi Banti. Aprili alisimama katika uwanja wa mapinduzi Addis akavunja chupa zenye kimiminika chekundu, kuonyesha damu ya maadui itakavyomwagika. Usiku wa kuamkia Mei Mosi waliuawa vijana kwa mamia. Zipo familia zilizodaiwa gharama ya risasi kabla ya kukabidhiwa maiti ya mtoto wao. Nikifika hapo huwa nanyamaza, naacha watu wapumue.

Septemba 1984, njaa nyingine kubwa ikiwa imeshapamba moto kaskazini, serikali ilisherehekea miaka kumi ya mapinduzi kwa gwaride na mapambo. Mfalme alipinduliwa kwa kosa gani vile?

Vyanzo. Kwa Kiswahili ni haba, ila mashahidi wapo. Waethiopia waliokimbia Derg waliingia Kenya, na Nairobi utawapata waliokuwa vijana wakati ule. Kuwahoji kunataka staha na mtu wa kukutambulisha. Addis Ababa kuna jumba la makumbusho la wahanga wa Ugaidi Mwekundu, ndilo jina la mauaji yale ya Derg, lililofunguliwa 2010. Kesi pia imeacha kumbukumbu: mahakama ya Ethiopia ilimtia Mengistu hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2006 akiwa hayupo, kwani alishatoroka Mei 1991 kupitia Nairobi hadi Zimbabwe.

Inamfaa nani. Vijana wa mtaani, wanaharakati, yeyote aliyewahi kuandamana bila kiongozi na kujiuliza kesho yake nani atashika usukani. Inawasumbua wanaotaka kuamini kwamba wanafunzi wakiwa na nia safi basi mambo yatakwenda sawa. Na ni nzito. Usiipe kikundi cha watoto wa sekondari bila kupunguza ukali wa picha zake.

ZANZIBAR

Zawadi. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikipa chama cha Afro-Shirazi (ASP), cha Abeid Karume, zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, hivyo serikali ikaundwa na vyama shindani vya ZNP na ZPPP. Uhuru ukapatikana 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, serikali hiyo ikapinduliwa. Ardhi ilitaifishwa, na maelfu ya wasio na kitu wakagawiwa ekari tatu tatu. Elimu na matibabu vikawa vya bure, na shule zilizokuwa za wachache zikafunguka. Baadaye yakajengwa maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kwa jamii ambamo babu alikuwa mtumwa na mjukuu mchuma karafuu kwenye shamba la mwingine, usiwaambie watu hayo yalikuwa madogo.

Watu wa huku magharibi watavutiwa na John Okello, aliyejiita Field Marshal na kutangaza amri redioni. Alikuwa mtu wa kabila la Lango kutoka Uganda, lugha yake ni ndugu ya Kijaluo, na alifanya kazi Kenya kabla ya kuvuka kwenda Pemba. Sauti yake ndiyo iliyoyatangaza mapinduzi, na kabla ya miezi mitatu kuisha alishakatazwa kurudi kisiwani. Mwaka 1971 alionekana akiwa na Idi Amin, kisha hakuonekana tena.

Kufuli. Vyama vingine vilikufa mara moja. Liliahidiwa baraza la kutunga katiba ndani ya mwaka mmoja, na halikuitishwa. Katiba ya kwanza baada ya mapinduzi ilikuja 1979, na uchaguzi wa wawakilishi 1980. Katikati hapo Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria, likatekeleza, na mahakama zake za wananchi zikaendesha kesi bila mawakili. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, hoja ikiwa ni kufuta ubaguzi wa rangi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi jinsi neno usawa linavyoweza kutumiwa kumnyang'anya binti sauti yake.

Walioliwa. Kwanza kabisa, na hili lisemwe kabla ya yote, maelfu ya raia, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, waliuawa katika siku zile za Januari. Idadi inabishaniwa hadi leo. Kisha wanamapinduzi wenyewe: Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff walirejeshwa visiwani kutoka bara mwaka 1969 wakauawa. Karume naye, aliyekuwa rais tangu mapinduzi, alipigwa risasi 7 Aprili 1972 makao makuu ya chama, Kisiwandui.

Je, ulikuwa uimla kamili kama wa Stalin? Wapo wasomi makini wanaokataa, na mimi naona wana hoja: kisiwa kidogo, dini yenye mizizi, na muungano na bara uliokuwa na mipaka yake. Kipengele hiki kiachwe wazi kijadiliwe.

Vyanzo. Hapa Zanzibar haina mshindani. Kila kitu kipo kwa Kiswahili, cha kusifu na cha kulaani: kumbukumbu za waliopindua, za waliopinduliwa, za waliofungwa. Mijadala ya redio ipo, na mashahidi wako Mombasa, wengine hata katika msikiti wa karibu nawe.

Inamfaa nani. Walimu wa Kiswahili, vikundi visivyopenda kusoma kwa lugha ya kigeni, na watu wanaoweza kushika simulizi mbili zinazopingana bila kurushiana viti. Tahadhari yangu ni moja na ni kubwa: kama kikundi chako kina Waislamu na Wakristo, au watu wenye asili ya Pwani, Uarabuni na bara, weka kanuni za mazungumzo kabla ya kuanza. Nimeona mjadala wa historia ukigeuka wa “nyinyi” na “sisi” kwa sentensi moja tu.

UFARANSA

Hii naipitia upesi kwa sababu yenyewe ilikwenda upesi.

Zawadi. Tangazo la haki za binadamu la Agosti 1789: watu huzaliwa huru na sawa. Julai 1793 ushuru wa kikabaila ulifutwa bila fidia, na Februari 1794 utumwa ukapigwa marufuku katika makoloni.

Kufuli. Kiangazi cha 1793 wananchi walipigia kura katiba ya kidemokrasia kuliko zote zilizotangulia. Ikawekwa kwenye sanduku la mwerezi, na tarehe 10 Oktoba ikaamuliwa kwamba serikali itabaki ya kimapinduzi hadi amani ipatikane. Katiba ile haikutumika hata siku moja. Juni 1794 sheria ikawanyima washtakiwa wakili na kuacha hukumu mbili tu, kuachiliwa au kifo.

Walioliwa. Olympe de Gouges, aliyeandika kwamba haki hizo ni za wanawake pia, alikatwa kichwa Novemba 1793. Robespierre, ambaye mwaka 1791 alisimama bungeni kutaka adhabu ya kifo ifutwe, alikatwa kichwa bila kesi Julai 1794. Hukumu rasmi za kifo katika kipindi hicho zilifikia takribani 16,600. Mwaka 1802 Napoleon alirudisha utumwa.

Vyanzo. Vitabu vya historia vya shule vinatosha, na maktaba ya taifa hapa mjini itakusaidia. Kwa Kiswahili ni vichache.

Inamfaa nani. Mwenye Jumamosi moja, au darasa la sekondari. Faida yake ni umbali: hakuna atakayemtetea shangazi yake. Hasara yake pia ni huo umbali, kwani watu huweza kuisikiliza kama sinema ya mavazi ya zamani na kwenda zao.

Uchague vipi basi

Kama mnakutana mara moja tu, chukueni Ufaransa, na mtumie dakika zote kwenye lile sanduku la katiba. Kama mna miezi miwili na watu wanaosoma, Urusi italipa, ila ianzieni 1917, msiruke hadi 1937. Wanafunzi wa chuo waliotoka barabarani 2024 watajiona wenyewe ndani ya Ethiopia, na huenda wakakasirika. Hasira hiyo ni mwanzo mzuri wa mjadala. Kikundi cha msikiti na kanisa kwa pamoja, chenye mwenyekiti mwenye busara, kinaweza kupata Zanzibar kitu ambacho nchi nyingine haitakipa. Bila mwenyekiti wa namna hiyo, subirini.

Mkiweza mbili, oanisheni Ethiopia na Ufaransa, ya karibu na ya mbali. Urusi na Ethiopia pamoja zinachosha, kwa sababu Derg ilinakili mengi kutoka Moscow na watu wataanza kusema “hii tumeshaisikia”.

Kikundi kikisisitiza kuanza na Kenya, msikikatalie. Hatukuwa na mapinduzi kama hayo, lakini tarehe za makufuli tunazo: katiba ya majimbo ilivunjwa 1964, sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikaja 1966, KPU ikafutwa 1969, kifungu cha 2A cha katiba kikaifanya nchi ya chama kimoja 1982, na mwaka 1988 tukapiga kura kwa mlolongo huku chifu akitazama nani amepanga nyuma ya nani. Ziandikeni kwenye karatasi moja na tarehe za nchi mliyoichagua.

Na kwa wasiopenda historia kabisa, wale wanaokuja kwa sababu rafiki kawaburuta, mimi huwaomba walete katiba ya chama chao cha akiba au ya kamati ya ufuo wao. Wanatafuta kifungu kinachosema mwenyekiti anaondolewaje, na nani anaweza kuitisha mkutano mwenyekiti asipotaka. Wengi hukikosa. Kazi ya Jumamosi inayofuata huwa ni kukiandika, na hapo ndipo hata mweka hazina huanza kufika mapema.